Subiri "ila": mwongozo wa kumjali mwenzako wa kazi mkiwa kila mtu kwake

Kwa karibu miezi miwili dada mmoja wa timu yetu, anayekaa Mwanza, alikuwa ananijibu kila asubuhi kwa neno moja. Habari za leo? "Poa." Kazi vipi? "Poa tu." Tiketi za wateja, yaani maombi yao ya msaada, alikuwa anazimaliza, nyingine nakuta zimejibiwa saa tisa usiku, na siku moja nikamsifu mbele ya kundi zima la WhatsApp: tazameni mwenzenu anavyojituma. Wiki iliyofuata akapotea siku nne, simu haipatikani. Nilipoanza kumtafuta ndipo nilipogundua kwamba sijui anakaa mtaa gani, sijui anaishi na nani, na namba ya ndugu yake hata mmoja sina.

Kumbe hakuwa anajituma. Alikuwa hapati usingizi, na usingizi usipokuja alikuwa anafungua kompyuta na kujibu tiketi. Mimi nikampigia makofi.

Tuko watu tisa, tunahudumia wateja wa kampuni ya ng'ambo, na hakuna wawili wanaokaa mtaa mmoja: Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi, Mombasa, mmoja Bujumbura. Ninayoyaeleza hapa tumeyapata kwa kukosea. Si lazima uwe bosi ili uyatumie. Mengi yanafanywa vizuri zaidi na mtu wa ngazi yako kuliko na mkubwa wako.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna jambo la lugha yetu inabidi ulijue. "Hujambo" hujibiwa "sijambo" hata na mgonjwa aliyelazwa. Nenda wodini usikie: "Sijambo, ila usiku sikulala kabisa." Habari yenyewe iko nyuma ya "ila". Mkiwa ana kwa ana salamu hurefuka, habari za nyumbani, watoto, mama anaendeleaje, na kati ya salamu ya tatu na ya nne mtu huvuta pumzi na "ila" ikatoka. Kwenye chati haifiki huko. Inakufa kwenye "poa".

Hatua ya kwanza: yajue mapema mambo ya kumtafutia mtu

Fanya hili wiki hii, wakati kila mtu ni mzima. Mwombe kila mwenzako, kwa hiari yake, mambo matatu: mahali anapokaa, mtu wake wa karibu pamoja na namba ya simu, na njia anayopenda kutafutwa akiwa hayuko sawa.

Mahali anapokaa maana yake maelezo ambayo bodaboda asiyemjua anaweza kuyafuata. Nyumba nyingi zetu hazifikiki kwa anwani. Andika mtaa, kituo cha daladala au matatu, alama (mashine ya kusaga, msikiti, duka la dawa) na jina analojulikana nalo pale mtaani, kwa sababu yule unayemwita kwa jina la kwenye mkataba huenda majirani wanamjua kwa jina la mwanawe. Tanzania ongeza jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Kenya mzee wa mtaa.

Mtu wa karibu si lazima awe mzazi. Dada yule wa Mwanza, nilipokuja kumwuliza, alimtaja mama mwenye nyumba wake, akaniambia wazi kwamba kaka yake asipigiwe. Heshimu hilo na usidadisi.

Orodha ikae kwa mtu mmoja au wawili, kwenye faili lenye nywila, isipite kwenye kundi hata siku moja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Hatua ya pili: mjue akiwa mzima

Dalili ni mabadiliko, na mabadiliko huwezi kuyaona kama hukujua alivyokuwa. Kuna mtu ambaye ndivyo alivyo, anajibu kwa neno moja tangu siku ya kwanza. Huyo "poa" yake ni poa. Mwenye kutia shaka ni yule aliyekuwa anaandika aya nzima na vichekesho, sasa anaweka kidole gumba.

Mkiwa mbali, mnaonana kwa alama chache: saa anazojibu, urefu wa ujumbe, makosa asiyokuwa akiyafanya, vikao anavyokosa, sauti. Angalia na upande wa pili, yaani kazi kuzidi ghafla, kama ilivyotokea kwa dada yule. Siku mbili tatu mbaya kila mtu anazo. Zikifika wiki mbili mfululizo, huzuni au kukosa hamu karibu kila siku, usingizi na kula vimevurugika, hapo ndipo hata madaktari huanza kufikiria sonona, ule ugonjwa wa huzuni.

Kamera usiifanye kipimo. Niliwahi kumsumbua kijana mmoja kwa sababu haifungui. Alikuwa anafanyia kazi kwenye chumba kimoja na mke na mtoto mchanga, na nyuma yake ni kamba ya nepi. Aliniambia hivyo baada ya miezi, akicheka, lakini mimi sikucheka. Waambieni wazi: kamera ni hiari, jogoo akiwika na awike.

Hatua ya tatu: hakikisha kazi yenyewe siyo inayomuumiza

Hapa ndipo makampuni hupenda kuruka. Wanaleta semina ya kupumua kwa tumbo, huku zamu zimebaki vilevile. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio yao mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu saa. Ziandikeni kwa wiki mbili, kwa ukweli, pamoja na zile za "ngoja nimalizie hii moja".

Wanaohudumia Marekani wana tatizo lao. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, na wao wakirudisha saa nyuma kwa baridi inakuwa saa kumi na moja. Siku ya kazi ya kwao inaishia kwetu saa sita au saa saba usiku. Maana yake mtu anaanza kazi wakati wanawe wanarudi shule, anakosa chakula cha jioni na familia, na kama ni mwislamu magharibi na isha zinamkuta kwenye simu ya mteja. Asubuhi nyumba imeamka, kulala hakuna. Zamu hiyo isiwe ya mtu mmoja miezi sita. Tuliizungusha kwa wiki mbili mbili, na vikao vya lazima vyote tukavisogeza vianze kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mteja alilalamika siku tatu, akazoea.

Kisha kuna mtandao na umeme. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania nusu ya nchi tulikuwa tunatazama kiduara kinazunguka. Siku kama hiyo ni rahisi, kila mtu anajua. Ngumu ni ile siku ambayo umeme umekatika kwako peke yako, bando limeisha, na unakaa ukiwaza kwamba wenzako wanadhani umelala. Wasiwasi huo ukijirudia mara tatu kwa wiki unamla mtu. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: kampuni ilipie bando, na kuwe na neno moja la kutuma, sisi tunaandika "giza", basi. Haliulizwi swali, haliombwi picha ya mita.

La tatu ni nyumbani. Kwa wengi wetu mtu aliyeko nyumbani mchana hana kazi. "Si upo?" Anatumwa dukani, anaachiwa watoto wa shemeji, anaambiwa apokee fundi. Mwenye kuumia zaidi ni dada anayekaa kwa ndugu, kwa sababu hana ubavu wa kukataa. Huwezi kwenda kuwaambia ndugu zake. Lakini barua ya kampuni yenye mhuri na saa zake za kazi, aibandike ukutani, imesaidia zaidi ya nilivyotarajia. Mhuri una heshima yake. Na kama bajeti ipo, mlipieni siku mbili kwa wiki kwenye ofisi ya kushirikiana.

Hatua ya nne: mpigie

Umeona mabadiliko. Usiandike "uko sawa?" kwenye kundi. Mtumie ujumbe peke yake, na uondoe hofu kabla hujapiga:

"Dada, habari za asubuhi? Naomba nikupigie dakika kumi leo. Si mambo ya kazi na hakuna kosa lolote. Saa nane au saa kumi, ipi afadhali?"

Hayo maneno "hakuna kosa" usiyaache. Simu ya bosi isiyo na sababu inamkosesha mtu chakula cha mchana.

Piga kwa sauti, si video. Asione unavyomtazama, na wewe usimwone anavyojifuta machozi. Salamu zipite zote, usizikate kwa sababu una haraka. Halafu sema ulichokiona, usiseme unachokidhani. "Naona wiki mbili hizi unajibu saa nane, saa tisa usiku, na zamani ulikuwa unafunga mapema. Nikakuwaza." Usimwambie ana msongo wa mawazo, wala usiulize kama ana sonona. Hayo ni majina, na jina humfanya mtu ajitetee.

Kisha nyamaza.

Kimya kwenye simu ni kazi ngumu kwetu, kwa sababu mtandao umetufundisha vibaya: sekunde tatu za kimya, tunaanza "haloo? unanisikia?" Nimeua "ila" nyingi kwa namna hiyo. Sasa naanza kwa kusema, "Nikinyamaza ujue nakusikiliza, si mtandao." Halafu nahesabu moyoni hadi kumi. Mara nyingi inafika saba.

"Usingizi vipi?"

"Nalala."

(Kimya.)

"Nalala, ila... saa nane naamka. Nawaza tu."

Likishatoka, usilikimbilie na suluhisho. Uliza "unawaza nini zaidi?" na umwache azunguke. Kuna vitu vya kutosema. "Jikaze", hasa kwa mwanamume, anajikaza tangu darasa la kwanza. "Wenzako hawana hata kazi", atakubali, na hatakwambia kitu tena. "Nitakuombea" ni neno zuri kama nyote ni watu wa sala, ila lisiwe kifuniko cha mazungumzo. Na akikwambia kuna mtu amemtupia kitu, usimcheke wala usibishane. Mwambie dua na hospitali havigombani, aende kote kuwili.

Aliyekuzidi umri hapitiwi mlango huo. Unampa shikamoo yake, na unaomba ushauri: "Mzee, hizi zamu za usiku unazionaje? Mwili unakubali?" Atajibu kuhusu zamu, na ndani ya zamu atajitia mwenyewe. Kwa vijana wa kiume wakati mwingine inabidi mpira utangulie dakika ishirini. Zitoe hizo dakika.

Hatua ya tano: shikeni kitu kimoja

Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mtu kwenye benchi, kumsikiliza, na kumsaidia achague shida moja kati ya zake zote na hatua moja ya kuianza. Washona, watu wa huko Zimbabwe, wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na bibi wale walitumia hilo badala ya maneno ya kizungu ya kitabibu. Mpango huo, Friendship Bench, umefika mpaka Zanzibar.

Wewe si mganga, lakini namna hiyo ya kuchagua moja unaiweza. Baada ya kusikiliza, uliza: "Katika haya yote, lipi likipungua wiki hii utapumua?" Mara nyingi ni dogo kuliko ulivyodhani. Dada wa Mwanza, baba yake alikuwa anaumwa Geita na yeye alikuwa anatafuta namna ya kwenda Jumatano bila kuomba ruhusa, kwa sababu aliona aibu kuomba mara ya tatu. Jumatano mbili. Ndizo zilizokuwa zinamkosesha usingizi, pamoja na mengine aliyokuja kuyasema baadaye kwa mtu mwingine.

Toa msaada wenye umbo. "Ukihitaji chochote niambie" ni adabu tu, hakuna anayekuja. Sema: "Tiketi zako za Jumatano nachukua mimi, mpaka mwisho wa mwezi." Kisha panga siku ya kumpigia tena, na ukipanga piga. Ukisahau simu ya pili, ungeacha hata ya kwanza.

Kuhusu siri: kabla hajaeleza mengi mwambie mpaka wake. "Haya yanabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini." Mkubwa akiuliza, anahitaji kujua nini kinapungua kwenye kazi na mpaka lini, hahitaji kujua kwa nini. Na tafadhali, kundi la WhatsApp lisigeuzwe ubao wa maombi: "Tumwombee mwenzetu anapitia wakati mgumu." Kila mtu atampigia kuuliza kuna nini. Nimeona mtu akiacha kazi kwa ujumbe kama huo, ulioandikwa kwa upendo mtupu.

Hatua ya sita: mpaka wako uishie wapi

Wiki mbili zimepita na hali haibadiliki, au anashindwa kula, kuoga, kutoka kitandani, au amezidisha pombe: hapo ni mtaalamu. Aanzie hospitali ya wilaya au ya mkoa, atapewa rufaa ikihitajika. Tanzania, Muhimbili, Bugando na KCMC wana idara za afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Nairobi kuna Mathari. Majina hayo mtaani yana kejeli zake, unajua, na mtu anaogopa kuonekana getini. Jitolee kubaki naye kwenye simu njiani mpaka apokelewe.

Mkumbushe haki yake pia. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, kwa cheti cha daktari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Tatizo ni wale wenye mikataba ya ukandarasi, na kazi za mtandaoni zimejaa hiyo. Hao inabidi timu ijipangie. Sisi tuna mfuko mdogo na zamu za kubadilishana.

Akisema "bora nisingekuwepo", "nimewachosha", au akianza kuaga na kugawa vitu, muulize kwa maneno yaleyale: "Umefikia kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usikate simu. Kwa simu nyingine, au kupitia mwenzako, mpigie mtu wa karibu aliyeko kwenye ile orodha aende alipo sasa hivi, na waondoe dawa, sumu au chochote alichokitaja. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali iliyo karibu. Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure. Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa ni kinyume cha Katiba. Popote ulipo, anza na ndugu na daktari.

Msiba, na siku za baadaye

Mwenzako akifiwa, timu ya mbali hufanya haraka: mchango, rambirambi kwa M-Pesa, "pole sana" thelathini mfululizo, kisha kazi. Ofisini mngekwenda kukaa naye kwenye mkeka. Weka kwenye kalenda yako wiki ya tatu, na siku ya arobaini kwa wanaoihesabu. Piga siku hizo. Huo ndio wakati wageni wameondoka.

Anayerudi baada ya kuumwa, asipokelewe kwa keki wala hotuba. Mpe nusu ya mzigo wiki mbili, na mtu mmoja wa kumwuliza maswali.

Na wewe unayepiga simu

Kubeba habari za watu wanane kunachosha. Tumegawana wawili wawili, kila mmoja ana mtu wa kumpigia mara moja kwa wiki, na mmoja wa tisa anaingia kwenye kundi la watatu. Wangu yuko Mombasa. Hupiga Alhamisi saa mbili asubuhi na kuanza na Arsenal, hata kama hakuna mechi iliyochezwa. Alhamisi iliyopita nilimwambia mimi mzima, ila nimelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku tatu. Hakuniambia nipumzike. Aliuliza zamu yangu ya Ijumaa usiku nani anaweza kuishika, na kabla ya adhuhuri dada wa Mwanza alikuwa ameshaandika jina lake.